Baada ya Cheti cha Kwanza cha Uzamiaji: Advanced, Ueleaji, Nitroksi au Uokoaji?

Fungua daftari lako la mbizi, tazama tano za mwisho, ujiulize: ni nini kilichonipandisha juu? Hewa ilikuwa inakwisha? Kompyuta ya mbizi iliyo mkononi ilionya kwamba muda wa kukaa chini umefika? Ulikuwa kwenye mita 18, ukaona kitu kizuri kiko chini zaidi na cheti chako hakikuruhusu? Au ulipanda kwa sababu moyo ulikuwa unakwenda mbio na hukutaka mtu ajue?

Majibu hayo manne yanaelekeza kwenye kozi nne tofauti. Mimi sikujiuliza. Nilijiandikisha Advanced siku mbili baada ya kupata cheti cha kwanza, Open Water, kwa sababu tu ndiyo iliyofuata kwenye orodha. Kwenye mita 28, nikiwa na risasi (vipande vya madini vya kuongeza uzito) nyingi mno kiunoni na jaketi la kuelea limejaa hewa ya kunibeba, nilitazama geji ya hewa ikishuka haraka kuliko nilivyowahi kuiona. Hakikutokea kibaya. Lakini nilipanda nikijua kwamba nilikuwa nimepewa mita 12 za ziada kabla ya kuzimudu zile 18 za mwanzo.

Vigezo

Kila kozi hapa chini nimeipima kwa maswali manne. Inafungua nini? Zipo zinazokupa ruhusa mpya, na zipo zinazokupa ujuzi bila kukuongezea hata mita moja ya kina. Inadai nini kwako kabla na wakati wa mafunzo? Inabadilisha nini kwenye mbizi yako inayofuata, ile ya kawaida isiyo ya kozi? Na mwisho, inamfaa nani, nani angesubiri kidogo?

Masharti na takwimu ni za PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji lililoanzishwa mwaka 1966, kwa kuwa ngazi zake ndizo zinazojulikana zaidi. Vyama vingine nitavigusia mbele.

Hesabu moja kabla ya kuchagua

Chukua mzamiaji mpya anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 za kina huongeza takriban angahewa moja ya presha, na kipumulio hukupa hewa kwa presha ileile inayokuzunguka. Kwa hiyo kwenye mita 18, presha ni angahewa 2.8, naye anatumia lita 56 kwa dakika. Kwenye mita 30 ni angahewa 4, yaani lita 80 kwa dakika.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar moja ni karibu sawa na angahewa moja) una lita 2,400. Weka akiba ya bar 50, zinabaki lita 1,800. Kwenye mita 18 hizo ni dakika 32. Kwenye mita 30 ni dakika 22, bila kuhesabu kushuka na kupanda.

Sasa linganisha na muda ambao jedwali la PADI linamruhusu mtu kukaa chini kwa hewa ya kawaida bila kulazimika kusimama njiani akipanda: dakika 56 kwenye mita 18, dakika 20 kwenye mita 30. Kwenye mita 18 hewa inamwishia mapema sana kabla ya muda. Kwenye mita 30 vyote viwili vinakwisha karibu kwa pamoja, na nafasi ya kukosea haipo. Shika picha hiyo, maana ndiyo inayotenganisha kozi hizi.

Advanced Open Water

*Inafungua nini.* Mita 30 badala ya 18. Kuna meli zilizozama na kuta za matumbawe ambazo hazifikiki vizuri bila ruhusa hiyo. Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza iliyozamishwa kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1941, imelala kwenye kina cha takriban mita 30, na mashua nyingi zinazokwenda sehemu kama hizo huomba cheti hiki kabla hujapanda.

*Inadai nini.* Mbizi tano. Mbili ni lazima, ile ya kina kirefu na ile ya kutafuta njia kwa dira. Tatu unachagua mwenyewe: usiku, mkondo, meli iliyozama, picha, utambuzi wa samaki, ueleaji na nyingine. Nadharia ipo lakini hakuna mtihani mkubwa wa mwisho. Unaweza kuianza mara tu baada ya cheti cha kwanza.

*Inabadilisha nini.* Jina la kozi hii linawapotosha watu. Halimaanishi kwamba umekuwa mahiri. Mtu anaweza kuwa na cheti hiki akiwa na mbizi tisa tu maishani, nne za kozi ya kwanza na tano za hii. Kinachotolewa ni kuonja mambo matano ukiwa na mkufunzi kando yako. Kuonja huko kuna thamani halisi. Utaona rangi nyekundu ikififia hadi damu kwenye kidole kilichokwaruzwa ionekane ya kijani. Huenda ukahisi ulevi wa naitrojeni, ule uzito wa akili unaoanza kuwapata wengi karibu na mita 30, na ni vyema ukutane nao mara ya kwanza mkufunzi akikutazama usoni.

Lakini kwangu sehemu yenye faida ya kudumu ni dira. Mzamiaji anayejua kwenda mita 50 upande mmoja na kurudi palepale alipotoka huacha kumfuata kiongozi kama abiria. Anaanza kupanga mbizi yake. Ukichagua kozi hii, usiichukulie mbizi ya dira kama kodi ya kulipia ile ya kina.

*Inamfaa nani.* Aliyezuiwa na kina, anayesafiri kwenda mahali panapodai cheti hiki, au asiyejua bado anapenda uzamiaji wa aina gani. Asubiri yule ambaye bado anapanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria kila anapotaka kutulia; mita 30 hazitamtuliza.

Ueleaji, kozi ndogo kuliko zote

PADI huiita Peak Performance Buoyancy. Ni mbizi mbili tu, na hakuna anayekupigia makofi ukimaliza.

*Inafungua nini.* Hakuna ruhusa yoyote mpya.

*Inadai nini.* Cheti cha kwanza, na uvumilivu wa kupimwa risasi upya. Watu wengi hutoka kwenye kozi ya mwanzo wakiwa na risasi nyingi kuliko wanazohitaji, kwa sababu mkufunzi mwenye wanafunzi kadhaa huona afadhali wakae chini kwa utulivu kuliko waelee ovyo. Kipimo chenyewe ni rahisi. Ukiwa na mtungi uliobaki na bar 50, jaketi halina hewa na pumzi ya kawaida kifuani, maji yakufike usawa wa macho. Mtungi unaobaki na hewa kidogo ndio wa kupimia kwa sababu hewa ina uzito. Zile lita 1,800 ulizotumia zina uzito wa zaidi ya kilo 2, na mwisho wa mbizi, unapotakiwa kutulia dakika 3 kwenye mita 5, wewe ni mwepesi kwa kiasi hicho. Ukipimwa na mtungi uliojaa, ongeza kiasi hicho kwenye mkanda.

*Inabadilisha nini.* Karibu kila kitu, na hapa nitakaa kidogo. Risasi ya ziada inakulazimu utie hewa zaidi kwenye jaketi. Hewa hiyo hutanuka unapopanda na kusinyaa unaposhuka, kwa hiyo kila badiliko dogo la kina linakuwa kubwa: unabonyeza kuongeza, unabonyeza kutoa, unapiga miguu kujisawazisha. Miguu inayopigwa bila mpango inatumia hewa. Mwili unaoning'inia miguu chini unasukuma maji mengi zaidi kuliko uliolala sambamba na sakafu ya bahari, na mapezi yake huvunja matumbawe au kutibua mchanga. Mwenye uzito sahihi huacha jaketi, akaanza kutumia mapafu: anavuta pumzi ndefu na kuinuka taratibu juu ya jiwe, anatoa na kushuka upande wa pili.

Rudi kwenye hesabu yetu. Mtu yuleyule akishuka kutoka lita 20 hadi lita 15 kwa dakika, mtungi uleule unampa dakika 42 kwenye mita 18 badala ya 32. Hakuna cheti cha kina kinachoweza kumpa dakika hizo. Wala si lazima afike 15 ndani ya mbizi mbili. Kozi inamwonyesha njia, mazoezi ndiyo yanayomfikisha.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye hewa yake huisha kabla ya mwenzake, anayechoka haraka, anayegusa chini bila kutaka, au anayetaka kupiga picha. Kwa aliyekwisha kutulia vizuri itakuwa marudio. Wengine huifanya kama mojawapo ya mbizi tatu za hiari ndani ya Advanced, na huo ni mpango mzuri, mradi iwe ya kwanza kufanywa, kabla ya ile ya kina.

Nitroksi

*Inafungua nini.* Mitungi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 21 ya hewa ya kawaida. Kozi ya mwanzo inakuruhusu hadi asilimia 40, na michanganyiko inayotumika zaidi ni ya asilimia 32 na 36.

*Inadai nini.* Nadharia hasa, pamoja na zoezi la kupima mtungi kwa kifaa cha oksijeni. Mbizi zenyewe mara nyingi ni za hiari. Unaweza kuifanya pamoja na kozi nyingine, na ni chaguo jema kwa siku ambayo bahari imechafuka.

*Inabadilisha nini.* Oksijeni ikiongezeka, naitrojeni inapungua, na naitrojeni ndiyo inayoyeyuka mwilini na kuweza kutoka kwa viputo ukipanda vibaya. Kwa mchanganyiko wa asilimia 32, ule muda wa dakika 56 kwenye mita 18 unafika karibu dakika 95, na ule wa dakika 20 kwenye mita 30 unafika takriban 30.

Wengi husikia "muda zaidi" wakadhani hewa itadumu zaidi. Haidumu. Mtungi wa nitroksi unakwisha kwa kasi ileile. Aliyekuwa na hewa ya dakika 32 kwenye mita 18 bado anazo dakika 32, awe na hewa ya kawaida au nitroksi. Faida inaonekana pale mbizi zinapofuatana, tatu au nne kwa siku, siku kadhaa mfululizo, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini kutoka mbizi ya asubuhi ndiyo inayofupisha ya mchana. Inaonekana pia kwa mwenye pumzi ndogo, anayepandishwa na kompyuta wakati mtungi wake bado una bar 100.

Dhana nyingine ya hatari ni kwamba nitroksi ni ya kwenda chini zaidi. Ni kinyume kabisa. Oksijeni ikivutwa kwa presha kubwa inaweza kusababisha degedege, na degedege chini ya maji maana yake kipumulio kutoka mdomoni. Ndiyo sababu kikomo cha kawaida huwa presha ya oksijeni ya bar 1.4: kwa asilimia 32 ni takriban mita 33, kwa asilimia 36 ni kama mita 28. Hewa ya kawaida haikufikishi kwenye kikomo hicho ndani ya mita 40 za uzamiaji wa burudani. Kwa hiyo mtungi unaoupima mwenyewe, ukaandika kipimo na kuweka kompyuta sawasawa, ndio mtungi unaoshuka nao. Kwa hili sina ulegevu: usivute mtungi uliopimwa na mtu mwingine nawe hukuona.

*Inamfaa nani.* Anayekwenda kulala kwenye mashua ya wazamiaji kwa wiki, na anayepandishwa na muda wala si hewa. Anayepandishwa na geji asianzie hapa, ingawa hatapoteza kitu akiisoma nadharia yake.

Uokoaji

*Inafungua nini.* Kina ni kilekile. Kwa anayefikiria kuwa kiongozi wa mbizi siku moja, cheti cha Rescue Diver ni lango asiloweza kuliruka: PADI hudai cheti hiki na mbizi 40 kabla ya kuanza kozi ya Divemaster.

*Inadai nini.* Mengi kuliko zote tatu. Lazima uwe umefanya angalau mbizi ya mafunzo ya dira katika ngazi ya Adventure Diver (iliyo chini kidogo ya Advanced) au Advanced, na uwe na mafunzo ya huduma ya kwanza na kufufua moyo na mapafu yasiyozidi miezi 24. Kisha ni kazi ya mwili: kumvuta mzamiaji aliyechoka, kumkaribia mwenye hofu bila kukuzamisha, kutafuta aliyepotea chini, kumpandisha asiye na fahamu na kumpulizia pumzi juu ya maji huku ukimkokota na kumvua vifaa. Utatoka umechoka, na huenda na michubuko.

*Inabadilisha nini.* Macho yako. Kabla ya kozi hii unatazama samaki na geji yako. Baada yake unaona kwamba mwenzako anafunga kamba za jaketi mara ya tatu, amenyamaza tangu mashua ing'oe nanga, viputo vyake vinatoka haraka kuliko kawaida. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kuzuia, na mtu wa kwanza anayeokolewa ni wewe mwenyewe: mkazo wa misuli ya mguu, maji kwenye miwani, kipumulio kinachomwaga hewa, yote hayo yanaacha kuwa ajali, yanakuwa mambo yenye hatua zake.

Nawajua waliokuwa na hofu ambao kozi hii iliwatuliza kuliko mbizi kumi za kawaida. Sijawahi kukutana na aliyejuta kuichukua.

*Inamfaa nani.* Anayezamia na mwenza wa familia, mzazi mwenye mtoto aliyeanza kuzamia, na yeyote ambaye jibu lake kwa lile swali la kwanza lilikuwa moyo kwenda mbio. Huyo wa mwisho asiiendee mbio, lakini: mbizi 20 hivi tulivu kwanza, ili akifika pale viungo vyake viwe vinafanya kazi ya kawaida bila kufikiria, akili ibaki huru kumtazama mwenzake.

Vyama havifanani

Kabla hujalinganisha kozi mbili, hakikisha ni kitu kimoja. Katika SSI, mbizi tano za kuonja huitwa Advanced Adventurer, na jina la Advanced Open Water Diver hupewa aliyemaliza kozi maalumu nne na kufikisha mbizi 24. SSI pia humruhusu mwenye cheti cha kwanza kuingia moja kwa moja kwenye kozi yake ya msongo na uokoaji. BSAC, klabu ya Waingereza ya tangu 1953, huanzia mita 20 na kumfikisha Sports Diver mita 35, mafunzo ya uokoaji yakiwa ndani yake. CMAS, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Jacques-Yves Cousteau akiwa rais wake wa kwanza, huhesabu kwa nyota. Uliza idadi ya mbizi na kilichomo ndani yake. Jina pekee halitoshi.

Kozi ya Deep, ile ya kufika mita 40, nimeiacha kando kwa makusudi. Kwa kina hicho jedwali la PADI linatoa dakika 9 tu. Itakusubiri.

Kwa hali yako

Hewa ndiyo inayokupandisha: anza na ueleaji, kisha zamia mara 10 bila kozi yoyote ukiandika bar ulizoanza nazo, ulizomaliza nazo, kina cha wastani na dakika. Namba hizo zitakuonyesha maendeleo kabla hujayahisi.

Safari imekwisha kulipiwa na mahali penyewe panadai mita 30: chukua Advanced, lakini mwombe mkufunzi apange ueleaji uwe wa kwanza na kina kiwe mwishoni. Kama safari ni ya mashua ya siku nyingi, ongeza nitroksi; nadharia yake utaimaliza nyumbani.

Kompyuta ndiyo inayokupandisha, mtungi ukiwa bado nusu: nitroksi, bila kusitasita.

Unazamia na mtu unayempenda na kila mara unawaza kitakachotokea akipata shida: huduma ya kwanza sasa, kwa kuwa inafanyika nchi kavu na itakufaa hata barabarani, kisha dira, kisha uokoaji.

Huna kinachokusumbua, unafurahia tu mita 12 zenye mwanga na samaki: endelea hivyohivyo. Cheti cha Open Water hakiishi muda wake, na matumbawe mengi yenye rangi yako juu ya mita 18. Hakuna anayekudai kozi.

Na kama imepita miezi mingi tangu uzamie, acha zote hizi kwa sasa. Omba kipindi cha kujikumbusha kwenye bwawa au maji mafupi: toa maji kwenye miwani, itafute na kuirudisha mdomoni ile hozi ya kipumulio, gawana hewa na mwenzako, pimwa risasi. Kisha fanya mbizi mbili za kawaida, na jioni yake ulifungue tena daftari.